Kaunta Buku la Babu

Ukisoma ualimu hapa chuoni kuna neno utalisikia mpaka ulichoke kabla hujamaliza mwaka wa kwanza: kitovu. Mwanafunzi awe kitovu cha somo. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulihamia kwenye ujenzi wa umahiri, na kila anayetufundisha saikolojia ya elimu lazima amtaje Carl Rogers, yule Mmarekani aliyeanza na watu waliokuja kwake kupata ushauri nasaha, akaandika kitabu juu ya tiba inayomweka mteja katikati mwaka 1951, halafu mwaka 1969 akatoa kingine juu ya uhuru wa kujifunza. Sisi tunamkariri kwa ajili ya mtihani. Hoja tano, mifano miwili, tumemaliza.

Mimi nataka kumzungumzia mtu mwingine anayetakiwa kuwa kitovu na ambaye hayumo kwenye mitihani yetu: mzee anayehudumiwa nyumbani. Nawajua wasomaji wa jarida hili. Likizo ikifika, kwenye familia nyingi sisi wanachuo ndio "tusio na kazi". Mama anakuambia, "Wewe si mmefunga? Nenda Tanga ukakae na babu yako." Pale hosteli ninapolala tuko wanne, na watatu tuna habari hiyo hiyo: mmoja ana bibi Songea, mwingine baba yake mzazi alianguka na bodaboda na hajasimama tangu hapo. Tunafundishwa miaka mitatu namna ya kuandaa kipindi cha dakika 40, lakini namna ya kuandaa siku nzima ya mtu asiyeweza kunyanyuka peke yake hatuambiwi na yeyote. Eti ni mambo ya nyumbani, mtu atajua tu.

Babu yangu mzaa mama alipata kiharusi mwaka jana, mwezi wa pili. Upande wa kulia ukalegea: mguu anauburuta, mkono hauna kazi. Kauli ilirudi baada ya wiki chache, nzito kidogo lakini timamu, na akili haikwenda popote. Hilo nalisisitiza kwa sababu watu wakiona mdomo umepinda wanadhani na kichwa kimepinda. Ana sukari na presha pia. Ana miaka 79, na zaidi ya 30 kati ya hiyo alikuwa karani wa stoo bandarini. Nyumba ni yake. Anakaa na Mama mkubwa, ambaye ana genge sokoni na hurudi jioni. Dada wa kazi. Na binamu yangu wa kidato cha pili. Mimi naongezeka wakati wa likizo. Mjomba yuko Dar, anatuma hela. Mama mdogo yuko Uingereza, na kazi anayofanya huko ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee.

Sasa wahesabu watu hao, uone kwamba kila mmoja alikuwa na Babu wake. Dada alijua Babu hapendi maji ya moto sana, Mama mkubwa hajui. Binamu alijua Babu huamka usiku, ila hakumwambia mtu kwa sababu hakuulizwa. Mjomba alikuwa na majibu ya vipimo kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa, na karatasi ziko kwenye droo ya ofisi yake. Kumbukumbu pekee ya pamoja ilikuwa kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu 41, na humo mazungumzo yalikuwa hivi: "Mzee kala?" "Kala kidogo." "Alhamdulillah." Kidogo ni kiasi gani? Kala nini, saa ngapi, kalishwa na nani? Na kile kidogo cha juzi kilikuwa sawa na hiki cha leo au kimepungua? Ukiuliza hivyo unaonekana unawatuhumu watu.

Aliyechoshwa kwanza na "kala kidogo" ni Mama mdogo. Akatuma sauti ya dakika tisa, ambayo nadhani niliisikiliza mimi peke yangu mpaka mwisho.

Kwanza niseme yeye yupo huko kwa namna gani. Mwezi Februari 2022 Uingereza ilifungua visa yake ya afya na matunzo kwa wahudumu wa wazee kutoka nje, kwa sababu kazi zilikuwa nyingi na watu wao hawazitaki. Tarehe 11 Machi 2024 ikaweka sharti kwamba wahudumu wapya hawaruhusiwi kwenda na watoto wala wenza. Mama mdogo alikwenda baada ya tarehe hiyo. Watoto wake wawili wako kwa dada yake mwingine Korogwe. Kwa hiyo mtu anayetufundisha namna ya kumtunza baba yake anatufundisha kwa simu, akiwa amekaa kwenye basi saa tano usiku baada ya kuwaogesha baba za watu wengine. Mimi nikiambiwa nitoe maoni juu ya sera ile nina mengi, ila siyo ya leo.

Alichokieleza ni hiki. Kule England kuna Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014. Halmashauri inapopima mahitaji ya mtu mzima, lazima imshirikishe mwenyewe, na akistahili huduma anaandikiwa mpango, anapewa nakala yake, na mpango unapitiwa upya hali inapobadilika. Nyumba za wazee nazo zinakaguliwa na tume, na kanuni zinadai vitu viwili ambavyo Mama mdogo anavitamka kama Fatiha: matunzo yamfuate mtu mwenyewe, na kumbukumbu ziwe sahihi, kamili, na ziandikwe wakati uleule tukio linapotokea. Usiandike jioni kwa kukumbuka. Usimwandikie mwenzako. Andika ulichoona na ulichosikia, siyo ulichofikiri. "Mkorofi" siyo kumbukumbu, ni hasira yako. "Alisukuma sahani kwa mkono wa kushoto akasema sitaki" hiyo ni kumbukumbu. Kuna karatasi yenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma, ukiona wekundu mgongoni unaweka alama palepale na tarehe, ili wa zamu ijayo ajue kama kidonda kinakua. Kuna karatasi ya dawa ambayo mtu akikataa dawa unaandika kakataa, huiachi wazi.

Akatoa mfano, bila jina, maana jina hata sisi hatupi. Kuna mzee pale ambaye kila usiku aliandikwa "hatulii". Miezi. Siku moja mhudumu mpya akamuuliza binti yake baba alikuwa anafanya kazi gani. Mwokaji mikate. Maisha yake yote aliamka saa tisa usiku kwenda kuwasha tanuri. Tangu hapo mpango wake unasema: akiamka saa tisa mpe chai, mwashie taa ya jikoni, kaa naye. Neno "hatulii" likaondoka kwenye kumbukumbu zake.

Nilipotafuta zaidi nikakutana na Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford. Kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu watu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kina orodha ya mambo 17 ambayo watu wema kabisa huwafanyia wagonjwa bila kukusudia ubaya, na ambayo yanamwondolea mtu utu wake: kumfanya mtoto, kumbandika jina, kumharakisha kuliko anavyoweza kufuata, kuongea juu yake kama hayupo. Babu hana ugonjwa huo. Lakini nilipoisoma orodha ile nilimwona sebuleni kwetu, wageni wamekuja kumjulia hali, wanamuuliza Mama mkubwa, "Mzee anaendeleaje?" na Mzee mwenyewe kakaa pale, kavaa kofia, anawatazama.

Hata hivyo Mama mdogo hakuipamba Uingereza. Anasema siku nyingi mambo ni kuminya vitufe tu. Siku hizi wanaandikia kwenye simu: kaoga, ndiyo, kanywa, ndiyo, ana furaha, kikatuni cha uso unaocheka. Zamu ikiwa pungufu, watu wanaminya vyote mwishoni kwa mkupuo, na mkaguzi akija anakuta kila mzee alikuwa na furaha mwezi mzima. Hapo nilicheka, maana nilikuwa nimetoka mafunzo kwa vitendo wiki chache kabla. Nani asiyejua lile andalio la somo lenye sehemu ya tathmini mwishoni, ambamo tangu enzi watu huandika "somo limeeleweka vizuri", wengine kabla hata kipindi hakijaanza? Andalio linaandikwa kwa ajili ya msimamizi anayekuja kuketi nyuma ya darasa. Yule mtoto wa dawati la tatu asiyesikia vizuri sikio la kushoto hayumo. Yumo kichwani mwa mwalimu wa zamani, aliyehamishwa mwezi wa sita. Nadhani ni ugonjwa mmoja: karatasi inayoandikwa ili anayeiandika asilaumiwe haiwezi kumwona mtu aliyeandikwa ndani yake.

Basi nikanunua kaunta buku nene pale kwa Mpemba wa kona, na swali la kwanza likawa ukurasa wa kwanza uandikwe nini. Mama mkubwa alisema tuanze na dawa. Mama mdogo akasema hapana, anzeni na yeye. Muulizeni anataka nini.

Huku kuuliza kulinishughulisha kuliko nilivyodhani, na nadhani wasomaji mnaotoka kwenye nyumba kama zetu mtaelewa. Mama mkubwa hawezi kumuuliza baba yake nani amwogeshe. Mjomba hawezi. Kuna heshima kati ya mzazi na mtoto, na kuna maswali ambayo heshima hiyo haiyaruhusu kupita. Mjukuu ana njia nyingine. Kati ya babu na mjukuu kuna utani. Mimi naweza kumwambia Babu kwamba nikimaliza chuo namchukulia nyumba yake, naye akaniambia nitangulie kaburini. Basi nikaingia kwa utani. Nikamwambia, "Shikamoo Mzee. Leo nakuajiri. Jaza fomu." Akauliza mshahara kiasi gani. Tukaanza.

Anataka kuogeshwa na mwanamume. Hakuwahi kulisema hilo kwa miezi mitano, kwa sababu angelisema kwa nani? Aliyekuwa anamwogesha ni bintiye, na dada wa kazi akimsaidia. Kwenye kundi tulisoma "leo kagoma kuoga, mbishi huyu mzee wetu", na vikatuni vya kucheka chini yake. Anataka aamshwe kabla ya adhana ya alfajiri, siyo baada, apate muda wa kutia udhu taratibu. Hataki redio iwashwe na mtu mwingine. Anataka dada wa kazi aache kumsemesha kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Amwite Mzee, inatosha.

Kisha tukafika kwenye chakula. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Mimi nile kwa mkono gani?"

Sikuelewa mara moja. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Mtu aliyelelewa pwani, aliyekula kwa mkono wa kulia miaka 78, akiwafundisha wanawe na wajukuu kwa kuwapiga vikofi vidogo wanapogusa sahani kwa kushoto, sasa anawekewa sahani mbele ya watoto haohao. Au analishwa kijiko na binti yake huku wageni wanatazama. Kwa hiyo anasema kashiba. Sheikh alishamwambia kwamba mwenye dharura hana lawama, na yeye anajua hivyo kuliko mimi. Ila kujua ni kitu kimoja na aibu ni kitu kingine. Sisi tulikuwa tumekwisha panga kumpeleka hospitali akapimwe kwa nini hamu ya chakula imepotea. Mjomba alikuwa ameshanunua kopo la unga wa lishe la bei mbaya.

Kwenye ukurasa ule niliandika kwa maneno yake: Nile chumbani, pazia limeshushwa, kwa kijiko, peke yangu au na mjukuu. Wiki ya pili kwenye daftari haina "kidogo". Ina "wali kijiko kumi na nne, mchuzi wa samaki, kamaliza".

Hilo ndilo lililotokana na kumuuliza. Kuna lingine lililotokana na kuandika tu.

Babu alikuwa anaanguka. Mara moja, tena baada ya siku kadhaa, tena. Kila aliyemkuta aliandika saa, kwa kuwa nilichora safu ya saa na binamu yangu anapenda kujaza safu. Baada ya mwezi kulikuwa na miguso minne, ama kaanguka ama kakutwa ameshika ukuta anatetemeka, na yote minne ilikuwa kati ya saa saba na saa tisa usiku, njiani kwenda chooni. Tulichukua kaunta buku tukaenda nalo kliniki. Muuguzi aliyekuwepo, mama mmoja mtaratibu ambaye ningependa afundishe chuo chetu, alipitisha kidole kwenye safu ile, akauliza, "Dawa zake anakunywa saa ngapi?" Zote jioni baada ya Isha, kwa sababu ndiyo saa Mama mkubwa ametulia kutoka sokoni. Mojawapo ya dawa za presha ni ile inayomfanya mtu akojoe sana. Muuguzi akaingia kwa daktari, wakazungumza, daktari akahamishia kidonge hicho asubuhi. Tukaweka na kopo kando ya kitanda. Tangu hapo hadi nilipoondoka safu ya kuanguka ilikuwa nyeupe.

Nisisahau kusema kwamba daftari lile lilipata mhariri. Mnamkumbuka Babu alikuwa karani wa stoo. Siku ya nne aliomba miwani na kulisoma lote. Akakuta mahali dada kaandika "mzee mbishi". Mimi nikachukua kalamu niifute. Akanikemea: "Leja haifutwi!" Akaniagiza nipige mstari mmoja tu, neno liendelee kusomeka, niandike kando lililo sahihi, nitie tarehe na sahihi ya aliyesahihisha. Kwa miaka yake ya stoo, karani aliyefuta kwa wino mweupe alikuwa mwizi mpaka athibitishwe vinginevyo. Nilipomhadithia Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu siku yake ya kwanza ya mafunzo kule Uingereza walifundishwa jambo hilohilo, neno kwa neno: mstari mmoja, tarehe, sahihi. Alisafiri mbali kwenda kufundishwa kanuni ya baba yake.

Tangu siku hiyo Babu husaini kila ukurasa kwa mkono wa kushoto. Sahihi mbaya kweli. Anaiita "ya muda".

Jambo lililotugombanisha hasa lilikuwa halua. Ijumaa, baada ya swala, Babu amezoea kahawa na kipande cha halua barazani pamoja na wenzake. Ana kisukari. Mama mkubwa alipiga marufuku, na wazee wenzake wakaambiwa wasimpe. Hapo Mama mdogo akatuletea sheria nyingine ya kule, ya mwaka 2005, inayohusu uwezo wa mtu kujiamulia. Inaanza kwa kudhani kila mtu mzima anao uwezo huo mpaka ithibitike hana, na inasema wazi kwamba uamuzi usio wa busara pekee siyo ushahidi kwamba mtu hana akili. Mjomba aliposikia akapandisha: "Hayo ni ya Wazungu, mzazi wangu akifa kwa halua sheria yao itanizikia?" Naye hakuwa mjinga kusema hivyo. Yeye ndiye anayelipa hospitali. Kwenye koo zetu uamuzi wa mgonjwa una wenye hisa wengi, na anayelipa ana kura nzito; sheria ya nchi ambako serikali au bima ndiyo inayobeba gharama haiwezi kuhamishiwa kwetu kama ilivyo.

Lakini na mimi niliuliza: sisi wote hapa, nani hajawahi kula asichotakiwa kula? Mjomba mwenyewe ana presha na anavuta sigara. Anayemnyang'anya hayupo, kwa sababu anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Je, mtu akipoteza mguu ndiyo kapoteza na kauli?

Tuliishia hivi. Babu alielezwa na muuguzi yuleyule madhara yake, akaelewa, akayarudia kwa maneno yake, na yote yakaandikwa. Akachagua kipande kimoja, Ijumaa tu, na siku hiyo chai zote ziwe bila sukari. Jumamosi asubuhi anapimwa kabla ya kula na namba inaingia kwenye daftari. Namba zikipanda Jumamosi tatu mfululizo anakaa tena na muuguzi, ila anakaa yeye. Mpaka naondoka zilikuwa zinacheza kati ya 7 na 8, muuguzi akasema anaweza kuishi nazo.

Picha lilikuwa suala fupi. Kulikuwa na kidonda kidogo kisiginoni, na mtu mmoja, simtaji kwa kuwa naye anasoma jarida hili, alikipiga picha akaitupa kwenye kundi la watu 41. Babu aliijua habari hiyo kutoka kwa jirani. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na afya ya mtu imo ndani yake. Babu hakuwa na haja ya sheria. Alisema tu kwamba alipokuwa bandarini leja ilifungiwa kabatini na ufunguo aliubeba yeye. Sasa daftari linakaa chini ya mto wake, na halipigwi picha.

Mwisho wa likizo kulikuwa na kikao. Mjomba alikuja na gari akiwa ameshaamua: Babu ahamie Dar, kuna chumba, kuna hospitali kubwa karibu, na sisi Tanga "tunabahatisha". Kabla ya daftari hilo lingepita bila kura. Nilitegemea nitalisoma mimi, lakini Babu alilitoa chini ya mto akampa Mjomba mwenyewe alisome kwa sauti. Mjomba akasoma. Kuanguka mara nne, kisha hakuna. Vijiko kumi na nne. Nani alimwogesha, lini. Kisigino, alama kwenye mchoro wa mguu nilioubuni mwenyewe, inapungua wiki hadi wiki. Kuna siku mbili hakuna aliyeandika chochote, na Mjomba alizishika hizo: "Na hapa? Tarehe 9 na 10?" Mama mkubwa akajibu kwamba alikuwa na homa. Mjomba akanyamaza. Sidhani kama siku zote alikuwa anajua dada yake naye huugua.

Kisha akafika ukurasa wa kwanza, pale palipoandikwa Babu anataka nini. La mwisho kwenye orodha ile ni kwamba anataka kufa kwenye nyumba aliyoijenga. Hapo Mjomba hakusoma kwa sauti.

Hawajakubaliana mpaka leo. Walichokubaliana ni miezi mitatu zaidi Tanga, na kijana wa kulipwa aje asubuhi na jioni kumwogesha na kumnyoosha mguu. Mjomba analipa nusu, Mama mdogo nusu. Mama mkubwa amepewa Jumapili yake, ambayo tangu mwezi wa pili mwaka jana hakuwa nayo. Miezi hiyo ikiisha watalifungua tena daftari, na inawezekana kabisa litasema Dar. Babu analijua hilo.

Mimi nimerudi chuo, na daftari anaandika binamu yangu. Kwa kuwa halipigwi picha, napiga simu Alhamisi usiku na Babu ananisomea mwenyewe, akilalamikia mwandiko. Alhamisi iliyopita alinisomea hivi: "Saa moja na dakika 40 asubuhi. Uji vikombe viwili. Mkono wa kushoto. Sebuleni." Nikamuuliza, sebuleni na nani? Akasema na kijana, na dada, na mzee mwenzake aliyepita kumsalimia. Halafu akaniambia nisubiri, akamwita binamu yangu aongeze pembeni kwamba ulikuwa uji wa mchele, siyo wa dona, na atie sahihi.